Prufu ya Kezironi

Barabara ya Nasser haikufunga siku ile.
Mashine ziliendelea kutema kadi za harusi,
risiti, kalenda za makanisa,
na mimi nikapewa kurasa nne za kupanga:
picha, tarehe, tenzi mbili,
shukrani kwa wauguzi wa Nsambya.
Kezironi Mukalazi. Herufi kumi na sita.
Nilizihesabu ulivyonizoeza,
mara moja kwa jicho, mara ya pili kwa kidole.

Ulinipokea kijana wa Bombo, Mnubi
asiye na Kiganda cha kutosha kuomba maji,
nawe ukatoa Kiswahili chako cha kuokoteza,
kimejaa wino, ngeli zimepinda,
tukaelewana.
Katika kila prufu uliacha kosa moja makusudi.
"Litafute," ulisema, "kabla halijakutafuta."

Mwenye kinu wa Iganga alitaka fahali
kwenye magunia yake ya unga.
Ukamchorea fahali. Alipotoka
ukamng'oa pembe, ukamrefusha shingo,
ukampa singa na upepo wa kuzichezea.
Akalipa. Labda hakuona,
labda aliona akameza,
maana unga ule uliuzika hadi Mbale.

Farasi mwenyewe alikuwa jike mzee, mweusi,
kule nyuma ya Kajjansi, jina lake Wino.
Jumamosi ulipakiwa kwenye bodaboda
na karoti za Nakasero zimetuna mfukoni,
ukamsugua mgongo mpaka ung'ae,
kisha ukampanda polepole,
kama mtu asomaye barua
asiyotaka ifike mwisho.
"Wachoraji hukosea miguu ya nyuma," uliniambia.
"Lile si goti.
Ni kifundo kilichopandishwa cheo."
Ulicheka peke yako. Mimi nilicheka baada ya miaka miwili,
nilipojaribu kuuchora.

Na mashua.
Niliwahi kuruka herufi katika bango la mgombea:
LONDA, chagua, likatoka LODA,
mita sita za turubai, rangi ya njano, hasara tupu.
Nikakusanya vitu vyangu nikingoja kufukuzwa.
Ulilikunja bango, ukalibeba hadi Ggaba,
ukalikata, ukalishona kwa uzi wa viatu,
ukalipandisha mlingotini.
Kosa langu likashika upepo!
Likavuka Nalubaale likapita Bulingugwe,
wavuvi wakilisoma kwa sauti, wakiuliza
huyu Loda ni wa chama gani.
Ubavuni mwa mashua ukachora herufi moja nyeupe, N,
hilo likawa jina lake.

Siku ya kwanza kunichukua nilitapika mara tatu.
Upepo ulitoka kule kule tulikotaka kwenda.
Tukapiga bisha, kushoto, kulia,
saa nzima kwa umbali wa kurusha jiwe,
nawe umeshika usukani kwa vidole viwili
kama kalamu.
"Upepo hauchoreki," ulisema.
"Chora kinachoinama."

Sukari ilianza na miguu, ikaja machoni.
Mwezi wa mwisho ulichora kwa ukucha juu ya shuka,
mistari isiyobaki.
Muuguzi aliinyoosha shuka kila asubuhi
na wewe ukaanza upya, hukulalamika.
Nilitaka kujua ni nini. Sikuuliza.
Hilo nalo lihesabiwe.

Nilikwenda Kajjansi kumwambia Wino.
Alinipekua mifuko yote,
akapuliza pumzi ya moto kifuani pangu,
akageuka kula nyasi.

Tulikuzika Mpigi, mvua ikilowesha kurasa zangu.
Watu mia tatu walizishika,
wakaimba kutoka humo, wakajifunika nazo vichwa.
Dada yako Yunia peke yake
alinijia na kidole kwenye ukurasa wa mwisho:
"Hapa mmeandika Keziroi."
Hakukasirika. Alisubiri.
Nikamwambia najua, Mama.
Ile N iko Ggaba,
imefungwa kwa kamba ya buluu,
inapigwa na maji ubavuni.